Mshono wa Mfaume

Huku Newala ukungu haupigi hodi.
Mwezi wa saba unapita dirishani,
unakaa kitandani kama mgeni asiyeaga,
na blanketi la dukani unalijua mwenyewe:
ukilifua mara mbili, linabaki jina.

Kwa hiyo korosho za mwisho zikishapimwa ghalani
nachukua kiroba, nakwenda kwa fundi Chitwanga,
nainama chini ya cherehani yake
kama kuku kwenye pumba.
“Bi Somoe,” ananiambia, “mwaka huu watu wamelipwa,
leo utaokota hariri.”
Hariri! Satini ya bibi harusi wa Kitangari,
kipande kisichotosha kufutia miwani.
Nikakitia kirobani hivyo hivyo.

Na mvua ikishaanza kupiga bati
hata redio haisikiki,
ndipo tunapomwaga kiroba mkekani,
mimi na wewe, Mfaume.

Usidhani nilikuita nikurithishe hekima.
Nilikuita unitungie uzi.
Macho yangu siku hizi humtambua mtu kwa mwendo,
na tundu la sindano halitembei.
Lamba ncha. Ibane. Usiusukume uzi,
usogeze tundu, liache limeze lenyewe.
Ehee.
Tena una mkono wa kushoto, kama marehemu babu yako,
aliyekuwa akifunga hata kamba ya mbuzi kinyumenyume.

Wenzako wanakucheka: mwanamume, sindano!
Waambie waende wakamcheke Chitwanga,
wamkute kwenye pikipiki yake mpya.

Angalia hii buluu, ni ya Januari,
mikunjo ya sketi za shule.
Hiki kitenge cha ndege kilikuwa sare ya mashangazi
siku mwali wa kina Nambunga alipotolewa nje;
walikicheza mpaka kikachanika kwapani.
Kijani ni fulana ya mwaka wa kura.
Rangi sikuichagua, ila pamba yake nzuri.

Kanga ndizo zinazokuchelewesha.
Umejifunza kusoma juzi, basi kila kiraka unakisoma,
na mkasi wa fundi hauheshimu sentensi.
JIRANI USIHE
ukaibandika juu ya
SUFURIA ZANGU
ukacheka peke yako.
Kisha ukaokota
MAMA HANA
ukanyamaza.

Ulipekua kiroba chote, hata mikono ya mashati.
Sikukuuliza unatafuta nini.
Mama yako anapika kantini kule bandarini Mtwara,
alisema Idd atakuja, Idd ikaja na simu.
Mwisho wa maneno yale amejifunga mtu mwingine,
pengine yuko sokoni saa hizi ananunua dagaa.
Ukachukua kipande cheupe, cha kola ya shule,
ukakishonea pembeni yake, kimya, mshono mrefu mrefu
kama nyayo za mtu anayeruka madimbwi.
Ningeweza kukwambia ufumue.
Sikukwambia.

Alasiri ikaadhiniwa.
Ninainuka nikatawadhe, shuka zima linainuka nami!
Ndege, buluu, satini ya Kitangari,
vyote vinaning'inia gotini kwangu
na wewe umeshika sindano, umetoa macho.
Umeshona, mjukuu wangu.
Umeshona barabara, tabaka tatu,
la tatu ni kanga yangu niliyojifunga.

Nikakaa chini tena, nikacheka mpaka kikohozi kikanikumbuka.
Ukasema, “Nifumue, Bibi?”
Mwaka mzima nakufundisha kufumua,
kwamba mkono usioogopa kufumua ndio unaojua kushona,
na leo neno hilo nimelimeza.
Nipe mkasi.

Nimekata kuzunguka mshono wako.
Shuka limepata zambarau lisilokuwamo kirobani,
na kanga yangu ina dirisha, goti linachungulia.
Sasa nalo tulitafutie kiraka.

Tunga uzi.